Gati la zamani linang'olewa, jipya linakuja: maswali tunayoulizwa kila siku ukingoni mwa Ziwa Victoria, Mwanza

Maswali haya hayakutungwa mezani. Yameulizwa kwenye mikutano ya mtaa, kwenye foleni ya tiketi, na mengine nimeulizwa nikiwa na kofia ngumu kichwani na kikombe cha chai mkononi. Mimi ni mpima. Kazi yangu ni kusema kitu kipo wapi na kipo juu kiasi gani, na nimeifanya kwenye magati ya ukanda huu wa ziwa kwa miaka kadhaa. Nimejibu kama ninavyomjibu mtu tukiwa mwaloni, kwa hiyo majibu mengine ni marefu na mengine ni neno moja.

Gati bado limesimama. Kwa nini lisipigwe lipu tu likaendelea?

Kwa sababu unaliangalia kwa juu. Gati linachunguzwa kwa chini, ndani ya mtumbwi, kichwa kimeinamishwa ili usigonge boriti, nyundo ndogo mkononi. Unagonga zege kila hatua. Zege zima hulia kwa sauti kavu, fupi, kama jiwe. Zege lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Kwenye gati moja tulilolikagua, tulianza asubuhi tukihesabu sehemu zinazolia kama debe. Ilipofika saa sita tukageuza, tukawa tunahesabu zile nzima, maana zilikuwa chache.

Kinachotokea ni hivi: nondo ikishika kutu huvimba, kwani kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Ikivimba inapasua zege kutoka ndani. Ukipiga lipu juu yake umefunika kidonda kwa khanga. Ukarabati unafaa kama ubovu uko sehemu chache na nguzo bado zina nguvu. Kama nguzo zenyewe zimeliwa, utatumia fedha nyingi na baada ya miaka michache mtarudi mkutanoni kuulizana yaleyale.

Kuna sababu ya pili. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na meli na malori ya zama hizo si ya leo. MV Mwanza Hapa Kazi Tu, iliyoshushwa majini Februari 2023, ina urefu wa mita 92.6 na imeundwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari. Gati lililojengwa kwa ajili ya meli fupi na mikokoteni haliwezi kuipokea hata kama zege lake lingekuwa zima kama yai. Ndiyo maana magati ya Mwanza Kaskazini, Kemondo na Bukoba yamehitaji kuboreshwa.

Ziwa halina chumvi. Hiyo kutu inatoka wapi?

Chuma kinahitaji maji na hewa ili kipate kutu. Chumvi inaharakisha tu. Chini kabisa, kwenye giza na tope, hewa ni kidogo na chuma hukaa vizuri. Juu, mbali na maji, kinakauka haraka. Taabu iko pale katikati, kwenye mstari ambao wimbi dogo linalowesha, jua linakausha, wimbi linalowesha tena, mchana na usiku. Ukitaka kujua umri wa gati la ziwa, tazama mstari huo.

Hata hivyo tuna nafuu kubwa kuliko ndugu zetu wa pwani. Kanuni za usanifu za Ulaya, ambazo wahandisi wengi huku wanazitumia, zinakadiria kwamba katika miaka 50 chuma kilicho kwenye mstari wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hupoteza milimita 0.9, wakati kile kinachorushiwa maji ya bahari hupoteza milimita 3.75. Hesabu hizo ni za nchi za baridi, na joto la huku halitusaidii, lakini uwiano unaeleweka. Tena ziwani hamna wale minyoo wa baharini wanaotoboa mbao. Nguzo ya mti iliyozama muda wote kwenye maji baridi inaweza kudumu miaka mingi. Inayooza ni ile sehemu ya kwenye mstari. Mstari uleule.

Dawa yake ni kuongeza unene wa chuma ili kuwe na cha kuliwa, na kupaka rangi nzito mahali hapo. Kupaka rangi ziwani nako kuna visa. Jioni moja fundi alimaliza nguzo nne nzuri nyeusi, taa zikawashwa, wale wadudu wa ziwa wanaokuja kama moshi wakatua wote kwenye rangi mbichi. Asubuhi nguzo zilikuwa na manyoya. Zikasuguliwa upya, na tangu siku hiyo kazi ya rangi ilikuwa inakoma saa tisa alasiri.

Mbona mnabishana sana juu ya kimo cha gati jipya?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ningekuwa mwananchi kwenye mkutano ningeliuliza la kwanza, kabla ya gharama na kabla ya ajira.

Dar es Salaam bahari inajaa na kupwa mara mbili kila siku, na jedwali linakwambia hata saa. Mjenzi anajua maji yataishia wapi. Ziwa letu halina mchezo huo. Ndani ya mwaka mmoja linapanda na kushuka kama nusu mita hivi, juu kabisa mwezi wa tano baada ya masika, kisha linashuka taratibu kuelekea vuli. Mtu akikaa hapa mwaka mmoja ataondoka akisema ziwa limetulia kama maji ya mtungini.

Aulize wazee. Mvua za miaka ya Uhuru, kati ya 1961 na 1964, zilipandisha ziwa zaidi ya mita 2. Elinino ya 1997 na 1998 ikalipandisha tena. Mwaka 2006 lilishuka mpaka mawe yaliyokuwa yamesahaulika yakatokeza migongo. Mwaka 2020 likarudi kwenye alama ya 1964 na kuivuka kidogo, na 2024 likapanda zaidi ya hapo. Toka chini ya 2006 hadi juu ya 2024 ni mita 3 hivi. Hiyo ni dari ya chumba.

Sababu yake haifichiki. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa inaingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na inatoka kwa kukaushwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja, ambako tangu 1954 pana bwawa la umeme. Mvua ikizidi miaka miwili mfululizo, mlango ule hautoshi kulishusha ziwa haraka.

Sasa mpe mhandisi kazi. Akiweka uso wa gati chini, mwaka kama 2020 abiria watavua viatu. Akiuweka juu sana, mwaka kama 2006 mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya dagaa kichwani atapanda ngazi kama anakwea mnazi, na mtumbwi mdogo utajikuta uko chini ya sakafu ya gati badala ya ubavuni mwake. Ndiyo maana michoro mizuri huwa na uso mkuu uliowekwa juu kwa ajili ya maji makubwa, pamoja na ngazi au sakafu ya chini kwa ajili ya maji madogo, au daraja lenye bawaba upande wa nchi kavu linaloinuka na kushuka. Bandari ya Mwanza Kusini, ambako mabehewa ya treni yanaingia ndani ya meli, haiwezi kabisa kufanya kazi bila daraja la namna hiyo: reli ya nchi kavu na reli ya meli lazima zikutane sawasawa, na meli yenyewe inazama kidogo kila behewa linapoingia.

Halafu kuna kosa linalorudiwa. Watu wanainua gati, wanasahau kilicho nyuma yake. Kwenye kazi moja, ambayo sitaitaja, gati liliinuliwa vizuri lakini uwanja wa abiria, choo na barabara vikabaki palepale pa zamani. Mvua ya kwanza ya vuli ikaingia kwenye lile bonde lililotengenezwa. Abiria walikuwa wanaruka juu ya matofali kuvuka dimbwi ili wafike kwenye gati kavu. Mchoro wa gati ulikuwa sahihi kila kipimo, niliupima mwenyewe.

Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa. Gati la nini tena?

Daraja lile la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa anayekwenda Sengerema na Geita kwa gari. Halifiki Ukerewe, wala Ukara, na halibebi mabehewa kwenda Port Bell, Uganda. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, nayo inajengwa. Mzigo utakaoshuka hapo na kutaka kuvuka maji utatafuta gati. Wa kisiwani hawaulizi swali hili.

Litakuwa ukuta, nguzo au la kuelea?

Kila moja lina wenyewe. Ukuta ni mabati mazito ya chuma yanayoshikana meno, yanakitwa wima, kisha nyuma yake panajazwa kifusi na kumwagwa zege. Unabeba mzigo mzito na malori yanatembea juu yake bila hofu. Ubaya wake unazuia maji kupita, na kona yoyote ya maji yaliyotuama huku kwetu ni makazi ya konokono wa kichocho.

Gati la nguzo ni kama meza: miguu majini, sakafu juu. Maji na samaki wanapita chini. Ni jepesi zaidi, na ndilo ninalolipendelea kwa abiria na mizigo ya kawaida, ingawa magugu maji nayo hupenda kuingia katikati ya miguu hiyo na kukaa.

La kuelea linavutia kwa sababu linafuata ziwa lenyewe. Lile tatizo la mita 3 linaonekana limekwisha. Halijaisha, limehamia kwenye daraja la kuunganisha. Mteremko unaofaa kiti cha magurudumu ni hatua 1 chini kwa kila hatua 12 mbele. Kwa tofauti ya mita 3 unahitaji daraja la mita 36. Wengi huweka la mita 10 kisha wanashangaa toroli la samaki likimkimbiza mwenyewe.

Mwanza ni mawe matupu. Nguzo zinaingiaje?

Hapo ndipo fedha inapokwenda. Yale mawe unayoyaona yamepandana mjini, na Jiwe la Bismarck lililosimama majini, hayaishii kwenye maji. Yanaendelea chini, mengine ni mwamba wenyewe, mengine ni mawe makubwa yaliyolala tu ndani ya tope. Ukitoboa kutoka juu, yote mawili yanagonga kwa sauti moja.

Nilikuwepo tulipodanganywa. Mashine ya kutoboa ilikuta jiwe kwenye mita 9, ikachimba nusu mita, meneja akasema inatosha, andika mwamba. Nikaandika. Wiki kadhaa baadaye nguzo iliyokitwa hapo ikaanza kuinama, kidogo kidogo, milimita kwa milimita, kila asubuhi namba yangu tofauti na ya jana. Tuliporudi kutoboa tukapita lile jiwe, chini yake tukakuta mita 4 za tope laini kabla ya mwamba wa kweli. Jiwe lilikuwa limekaa kama kiazi kwenye mchuzi. Nguzo ikang'olewa.

Kwa hiyo ukimwona mtoboaji anaendelea kuchimba ndani ya jiwe mita 3 hadi 5 na wewe unaona anapoteza dizeli, mwache. Anahakikisha jiwe lina mizizi. Baada ya hapo bomba la chuma hushushwa mpaka kwenye mwamba, mwamba unachongwa shimo, nondo zinashushwa na zege linamwagwa, nguzo inashikwa kama jino kwenye ufizi. Nyundo kubwa ya kugongelea peke yake haitoshi huku. Ikikutana na jiwe, kinachokunjika ni nguzo.

Zege linamwagwaje ndani ya maji bila kuyeyuka?

Bomba linashushwa hadi chini kabisa ya shimo. Zege linapita humo, linatokea chini, linapanda juu likisukuma maji mbele yake. Siri ni moja: mdomo wa bomba usitoke nje ya zege hata mara moja. Ukitoka, maji yanaingia katikati na una nguzo yenye kiuno cha mchanga. Ndiyo maana siku ya kumwaga zege la nguzo hakuna anayekwenda kula mpaka limalizike, na magari ya zege yanasubiri kwenye foleni hata kama yanawazibia njia. Samahani kwa hilo.

Wakati wa ujenzi tutapandia wapi?

Mradi ukiulizwa swali hili na ukajibu "tutatoa taarifa," msitoke mkutanoni. Gati la muda si jambo la pembeni. Abiria wengi, nafasi finyu, chombo kinachoyumba, mizigo na watu kwenye ubao mmoja: hapo ndipo watu hufa. Ziwa hili limetufundisha kwa machungu, MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa inakaribia kutia gati kisiwani Ukara.

Takeni kuona mchoro wa gati la muda wenyewe. Liwe na reli za kushikilia pande zote mbili. Njia ya mizigo isiwe njia ya watu. Pawe na lango ambapo abiria wanahesabiwa mmoja mmoja kabla hawajafika majini, siyo wakiwa wameshajaa kwenye ubao. Taa ziwepo, kwa sababu vyombo vingine huondoka usiku. Kusimamia usalama wa vyombo ni kazi ya TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, nao wana haki ya kuzuia chombo kutia gati pasipofaa.

Na ratiba ibandikwe kule visiwani pia. Mara nyingi inabandikwa Mwanza tu, na mtu anatoka Nansio alfajiri na mgonjwa wake akifika anakuta gati limehamia upande mwingine wa mji.

Samaki watakimbia?

Kelele za kugonga nguzo zinawasumbua, watasogea. Kazi ikitulia wanarudi. Nguzo mpya ndani ya wiki chache zinaota ukungu wa kijani, na sato wadogo huja kuula. Mimi wasiwasi wangu ni kuchimba chini ya maji ili kuongeza kina, maana kwenye maji ya ukingoni ndiko sato hutengeneza viota vyao. Eneo la kuchimba likipunguzwa, madhara yanapungua. Mkandarasi mwenye akili huanza kugonga kwa nguvu ndogo dakika za mwanzo ili samaki wapate muda wa kuondoka.

Jambo ambalo wavuvi wa dagaa waliliona kabla yetu ni taa. Tukifanya kazi usiku wa giza kwa taa kubwa, dagaa wanakuja kwetu badala ya kwenda kwenye taa zao, na mitumbwi inawafuata mpaka chini ya winchi. Tulikubaliana na wavuvi: siku za giza hatuwashi taa za kuelekea majini, na zege la usiku linasubiri mbalamwezi, ambapo wao hawaendi kuvua dagaa.

Maji ya bomba yatachafuka?

Chanzo cha maji cha MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, pale Capri Point kinachota kutoka ziwa hilihili, kwa hiyo swali ni la haki. Tope likitibuliwa husafiri. Linazuiwa kwa pazia la kitambaa kizito lenye maboya juu na mnyororo chini, linalozungushwa eneo la kazi. Linafanya kazi vizuri maji yakiwa shwari. Upepo mkali ukija, linabinuka, na hapo kinachotakiwa ni kusimamisha kuchimba. Ukiona maji ya rangi ya chai yametoka nje ya maboya, piga picha na upeleke kwa msimamizi wa mazingira wa mradi, na nakala kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Mradi wa ukubwa huu lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wananchi wanasikilizwa wakati wa tathmini hiyo. Ukija kulalamika cheti kikiwa kimeshatolewa, umechelewa nusu.

Magugu maji je?

Yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, yakatesa sana miaka ya 1990, na hayajaondoka. Gati halitayamaliza. Lakini mpangilio wa gati unaweza kuyakusanya au kuyapitisha. Muulize mvuvi yeyote upepo unayasukumia kona gani. Hafanyi hesabu, anajua. Gati likijengwa kwa kuziba kona hiyo, bajeti ya kuyaondoa iandikwe kabisa kwenye mkataba wa uendeshaji.

Nauza chakula hapo gatini. Nitalipwa fidia?

Nakujibu bila kuzunguka, mama yangu. Kwa sheria zetu fidia ya ardhi inatolewa kwa mwenye haki ya ardhi, na inajumuisha thamani ya mali, posho ya usumbufu, usafiri, malazi na hasara ya faida. Ukanda wa mita 60 toka ukingo wa ziwa umewekewa katazo la shughuli za kudumu kwa sheria ileile ya 2004, kwa hiyo wengi wenu mlio kwenye vibanda hamna karatasi ya ardhi. Usipewe matumaini ya uongo.

Lakini haishii hapo. Kama mradi una fedha za Benki ya Dunia, masharti yake yanataka hata asiye na hati alipwe mali yake na asaidiwe kurudi kwenye kipato. Ulizeni fedha zinatoka wapi. Na hata pasipo mkopo wa namna hiyo, hakikisheni mmeandikwa siku ya kuhesabu watu: jina, aina ya biashara, picha ya meza yako. Anayekuja baada ya siku hiyo huhesabiwa kama hakuwepo. Nimeona mama mmoja akikosa kwa sababu siku hiyo alikwenda msibani, na jirani zake hawakumtaja.

Wabeba mizigo tutapata kazi?

Ya ujenzi, baadhi: kufunga nondo, kubeba, ulinzi, kupika. Wapiga mbizi na waendesha winchi huja na vyeti vyao. Gati likikamilika na kuwa na winchi na njia za malori, mizigo ya mgongoni itapungua. Anayewaambia vinginevyo anatafuta kura. Bora chama chenu kikae mezani mapema kudai sehemu ya kazi za kupakia na kupanga mizigo kwa mashine.

Vifusi vya gati la zamani mtavitupa ziwani?

Hapana. Zege linavunjwa, nondo zinauzwa chuma chakavu, kokoto zake hujazia uwanja. Nguzo za zamani hukatwa chini ya usawa wa tope ili zisibaki mkuki wa kutoboa mitumbwi. Daini muonyeshwe ramani ya kila nguzo iliyokatwa. Kisiki kimoja kilichosahaulika kinatosha.

Kwa nini mnanunua mipira ya gharama ya kukinga gati lisigongwe na meli wakati matairi yapo?

Chukua meli ya tani 3,000 inayokuja taratibu, sentimita 15 kwa sekunde, polepole kuliko mtoto anayetambaa. Nahodha akikosea kidogo ikaja kwa sentimita 30, nguvu ya kugonga haiwi mara 2, inakuwa mara 4. Tairi la lori linatosha mtumbwi na boti. Kwa meli ile tairi linabanwa likaisha, kinachobaki kupokea kipigo ni zege. Fenda za mpira zimetengenezwa kuminywa kwa kipimo kinachojulikana, na ikiharibika moja inafunguliwa boliti na kubadilishwa.

Litadumu miaka mingapi?

Husanifiwa kwa miaka 50 au zaidi. Miaka hiyo inahesabiwa ukilikagua, ukapaka rangi ule mstari, ukabadilisha fenda, ukazibua mifereji. Bajeti ya matunzo huwa ya kwanza kukatwa, kwa sababu gati lisilotunzwa linaendelea kuonekana zima kwa miaka kumi.

Tunaweza kuvulia ndoano pale?

Hapana. Najua mtavua.

Ile rula ndefu iliyopakwa rangi kwenye nguzo ya mwisho ni ya nini?

Ni kipimo cha maji. Kila mstari mdogo ni sentimita 1, namba kubwa ni mita. Maji yalipokata ndipo unaposoma, asubuhi kabla upepo haujaamka, maana mchana wimbi linakudanganya. Siyo ya wahandisi peke yao. Pale nilipofanya kazi mara ya mwisho kuna mama muuza sangara aliyekuwa akiisoma kila siku akisubiri mitumbwi, na kuandika kwa chaki ubavuni mwa meza yake. Mwezi wa tano nilipokosa siku mbili kwa homa, nilikwenda kunakili kwake.